Picha ya Mama wa Dereva

Miaka ya sabini mwanzoni, mimi na wanafunzi wenzangu wawili wa Stockholm tulizunguka Kusini mwa India kwa gari la kukodi, kutoka Madras hadi Madurai. Siku ya Pongal, sikukuu ya mavuno, dereva wetu alitupitisha kwao, tukaona mchele mpya ukichemshwa kwa maziwa hadi ufurike chunguni na watu washangilie. Tangu alfajiri mama yake alikuwa amechora maua ya unga wa mchele mbele ya mlango. Mimi, msomi, niliyakanyaga nikitafuta mahali pazuri pa kupigia picha.  Yule mama alichuchumaa akaanza upya, nami nikampiga picha vivyo hivyo.

Tulipoagana, dereva aliniomba jambo moja tu: mama yake hajawahi kupigwa picha, basi nimtumie ile, aione. Aliniandikia anwani kwa herufi kubwa kubwa, kama anamwandikia mtoto. Nikaahidi.

Niliporudi Stockholm nikawa mtaalamu wa India. Mwaka mzima nilizunguka vitongoji na miji ya jirani na projekta ya kuazima, Tensta hadi Södertälje, nikiwaonyesha Waswahili wenzangu slaidi za ng'ombe waliopakwa rangi pembe. Ya yule mama niliiweka mwisho, ya kuchekesha. Katika masimulizi yangu alinikimbiza kwa ufagio, na kila niliposimulia mbio zilizidi kuwa ndefu.

Jumapili moja, kwenye onyesho huko Hagsätra, watu walipomaliza kucheka, dada mmoja Mganda, aliyekimbia kwao na sanduku moja, akaniuliza:

"Mwenyewe ameiona, kaka?"

"Ameiona. Alifurahi sana."

"Afadhali. Mimi ya mama yangu sina hata moja."

Hakunisuta. Angenisuta, ningepata pa kujitetea. Kesho yake nilipeleka slaidi dukani, wakanitolea picha ya karatasi, nikaituma pamoja na barua ya kusingizia mitihani.

Jibu lilikuja baada ya wiki kadhaa. Dereva alishukuru kwa adabu. Mama alikuwa amefariki miezi minne kabla picha haijafika. Picha wameitundika na kuivika shada la maua. Aliniombea nifaulu mitihani.

Majira ya baridi nilikutana na yule dada kituoni, tukisubiri treni.

"Mama yako wa India hajambo?" akauliza.

"Hajambo," nikasema.

Tangu hapo kila tukionana yule dada humtumia mama salamu, nami huzipokea.