Povu la Bakuli na Povu la Usoni

Kinyozi alipata habari za ugonjwa wa mdogo wake kutoka kwa mteja, wembe ukiwa kooni mwa mteja huyo. Mteja aliyatoa maneno taratibu, kama mtu yeyote angefanya akiwa katika hali hiyo: kwamba mdogo mtu amelazwa, kwamba ni mapafu, na kwamba alidhani kinyozi anajua. Kinyozi akasema anajua. Akamaliza shavu la kushoto, akafuta wembe, akahamia la kulia. Hakumkata. Alikuwa na sifa hiyo mtaani, ya kutomkata mtu hata anapoambiwa mambo ya kumkata yeye maini.

Hawakuwa wakisemezana tangu walipogawana duka la marehemu baba yao. Watu wa mtaa walikuwa na maelezo yao. Wengine walisema mwanamke, wengine urithi, na wale wasiopenda kujichosha walisema wivu. Ukweli ulikuwa mdogo mno kuaminika, kwa hiyo haukupata wa kuuamini. Ndugu hao wawili waligombana kwa sababu ya povu.

Baba yao aliwafundisha wote kunyoa kwa sabuni ya kipande, brashi na wembe, lakini alikufa bila kutoa uamuzi katika jambo moja. Mkubwa alishikilia kwamba povu hupigwa kwenye bakuli. Brashi inaloweshwa, inakung'utwa, inazungushwa juu ya sabuni mpaka ishike uji mzito, kisha maji yanaongezwa tone kwa tone, mkono ukizunguka bila haraka, hadi povu lisimame kama mtindi. Mdogo alishikilia kwamba bakuli ni mbwembwe. Sabuni isuguliwe kwenye ndevu zenyewe zikiwa zimelowa, na povu lipandishwe papo hapo usoni kwa ncha ya brashi. Walianza kubishana kwa utani, na wateja wakawa wanachagua kiti kama wanaochagua timu. Ndipo siku moja, duka limejaa, mdogo akasema, "Kaka yangu hanyoi, anapika." Watu walicheka mpaka wakafuta macho. Kicheko kile ndicho kilichogawa duka. Ukuta wa matofali ulikuja baadaye kuthibitisha tu.

Siku chache baada ya habari za yule mteja, shemeji yake, mke wa mdogo, alikuja dukani akasimama mlangoni bila kuingia. Alieleza kwa kifupi. Mgonjwa anapumua kwa barakoa ya oksijeni, na barakoa haikai kwa sababu ya ndevu. Hewa inavujia pembeni. Nesi alijaribu kumnyoa kwa wembe wa plastiki, akamkwaruza, na kwa zile dawa anazotumia damu haikutaka kuganda. Mashine ya umeme inaacha vishina, na barakoa inavuja vilevile. Daktari amesema asikatwe tena hata kidogo. Na yeye mwenyewe hataki mtu amguse.

"Ameniita?" kinyozi akauliza.

"Hajakuita, shemeji." Akatazama chini. "Amesema kama ni lazima sana, basi aje yule mpishi."

Kinyozi akafunga duka.

Kitanda kilikuwa karibu na dirisha lililopakwa rangi nyeupe ili watu wasione nje, au nje isione watu. Mdogo wake alikuwa amebaki mifupa na macho. Ndevu zilikuwa za mzee fulani ambaye kinyozi hakuwahi kukutana naye.

"Umekuja," akasema mdogo, akiinua barakoa kidogo.

"Nimekuja."

"Na bakuli."

"Na bakuli."

Nesi, msichana mwenye haraka na adabu kwa kiasi sawa, akamwambia kinyozi afanye kwa vipande: atoe barakoa, anyoe kidogo, airudishe mgonjwa avute hewa, aitoe tena. Yeye angeangalia kile kimashine cha kupima oksijeni kilichombana mgonjwa kidoleni. Namba zikishuka, kila kitu kinasimama.

Kinyozi akachota maji bombani, akalowesha brashi, akaanza kuzungusha. Povu halikuja. Vilikuja vipovu vikubwa vya kitoto, vikapasuka, na chini ya bakuli yakaganda mabonge ya kijivu kama maziwa yaliyokatika. Akaongeza sabuni. Akaongeza maji. Akaongeza vyote viwili kwa mpigo, kosa ambalo amewakanya watu wote aliowahi kuwafundisha kazi. Akauliza kama kuna maji mengine. Nesi akasema jengo zima linatumia ya kisima, ndiyo maana hata chai yao ina ladha ya ukuta.

Maji magumu, basi, yasiyokubali sabuni. Na kwa povu jepesi namna ile wembe ungekwaruza, na ukikwaruza damu ingetoka, na ikitoka isingerudi. Juu ya barakoa macho mawili yalimtazama.

Njia iliyobaki aliijua. Aliijua vizuri mno, kwa sababu alikuwa ameitazama miaka mingi kutoka kiti cha pili, kwa ule umakini ambao mtu huupata akimdharau mwenzake kwa dhati. Akaweka bakuli chini ya kitanda. Akakamua taulo, akafunika nalo ndevu zile zilowe tu, zisichuruzike. Kisha akachukua kipande cha sabuni akakisugua kwenye shavu la mdogo wake, kuelekea chini, kama anayemwogesha mtoto. Hakuwa ameugusa uso ule tangu wote wawili wakiwa watoto.

Ncha ya brashi ilifanya kazi iliyobaki. Maji yalikuwa machache, kwa hiyo ubaya wake nao ukawa mchache. Povu likapanda, zito, jeupe, likashika. Akavuta ngozi kwa kidole gumba, akapitisha wembe kufuata mwelekeo wa nywele. Barakoa ikarudi. Barakoa ikatoka. Shavu, taya, kidevu, shingo, na mwisho juu ya mdomo, pale ambapo mkono wa kinyozi yeyote hujitafakari. Hapakuwa na damu.

Alipokuwa anafuta sabuni nyuma ya sikio, akasema kwa sauti ya chini, kwa sababu alijua asiposema hapo hatasema tena:

"Ulikuwa sahihi. Usoni ndiyo bora."

Mdogo akavuta hewa kwanza. Halafu akainua barakoa.

"Mimi siku hizi napiga kwenye bakuli."

"Tangu lini?"

"Zamani. Wateja walilalamika brashi inawachoma."

Kinyozi akakunja taulo. Akalikunjua, akalikunja tena.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungefurahi."

Angefurahi kweli. Angewasimulia wateja mwezi mzima, kwa vitendo, na baada ya hapo pengine angevuka ukuta kwenda kumsalimia. Hiyo ya mwisho hakuwa na hakika nayo.

Barakoa ilikaa. Kuvuja kukakoma. Namba za kidoleni zikapanda kidogo, kisha zikatulia pale, kama mtu aliyefika katikati ya ngazi akasahau alichokuwa anakifuata juu. Nesi akashukuru, akasema ndevu zitaota, mzee arudi.

Akawa anarudi. Alikuja na maji ya nyumbani kwenye kidumu, akapiga povu kwenye bakuli, kwa sababu ngozi ya mgonjwa ilikuwa imechoka na brashi ingemchoma. Walizungumza habari za sabuni, aina zilizopotea na zile ambazo afadhali zingepotea, maana hawakuwa na mazungumzo mengine yaliyokuwa salama. Pumzi ilipopungua zaidi, mdogo alimwelekeza kwa kidole tu: punguza maji, zungusha polepole. Kinyozi akapunguza. Akazungusha polepole.

Asubuhi moja alimkuta nesi akimngojea mlangoni mwa wodi, akaelewa kabla hajaambiwa. Akauliza kama barakoa ilikaa.

Nesi akasema ilikaa vizuri mpaka mwisho, haikuvuja hata mara moja.

Kinyozi akasema sawa. Akahamishia kidumu cha maji mkono wa pili, akauliza shemeji yake yuko wapi.