Mwalimu wa Foili na Mume Wangu Rudsel

Mwanamke niliyekwenda ufukweni kumtandika makofi ndiye aliyenishika kiuno majini akaniambia, "Pumua, dada. Pumua kwanza."

Na mimi, bila kutaka, nikapumua.

Naitwa Yudelka. Nimezaliwa hapa hapa kisiwani Bonaire. Nakaanga pastechi, sambusa zetu za huku, kwenye kibanda changu mjini Kralendijk, na mume wangu Rudsel ni fundi wa viyoyozi. Mtoto Mungu hakutupa. Tuna mbuzi, na mbwa mmoja mvivu asiyebweka hata akikanyagwa mkia.

Rudsel alikuwa na pacha wake, Rudson. Huyo alihamia Rotterdam kutafuta maisha, na huko huko akafa, katikati ya baridi. Tulimzika kwa simu. Yaani tumekaa sebuleni, tunatazama jeneza kwenye kioo kidogo, mtandao unakatika, sura za watu zinaganda.

Rudsel hakulia. Alisema tu, "Haya," akatoka kwenda kulisha mbuzi.

Nikasema moyoni, mume wangu jabali, nikawa namwita hivyo mbele ya watu.

Baada ya hapo akaanza kupungua. Funchi yake, ugali wetu wa huku, anaimega mara mbili, anasukuma sahani. Ukimsemesha, jibu linachelewa kama maji ya bomba siku ya mgao. Halafu akaanza kutoka nyumbani kabla jua halijachomoza, anarudi na chumvi kwenye nywele.

Huyu ni mtu ambaye tangu nimjue anaingia baharini siku ya Krismasi tu. Tena akisukumwa.

"Unatoka wapi?" nikamuuliza.

"Kutembea."

"Unatembea majini?"

Akavaa sare ya kazi, akaondoka.

Basi siku moja akaja wifi yangu Nolda kibandani.

"Wifi, mimi sina maneno mengi," akaanza.

Ukimsikia Nolda anasema hivyo, vuta kiti.

"Kaka yangu kila alfajiri yuko ufukweni na Tharaisa. Yule anayefundisha watu kupanda foili. Wanashikana mikono, wifi. Wanakumbatiana. Mimi ni damu yake lakini haki ni haki."

Mafuta yaliungua kwenye karai nikayaacha yaungue.

Kesho yake nikamfuata. Nilijibanza nyuma ya ukuta wa hoteli, na nikayaona kwa macho yangu mawili. Rudsel anashuka kwenye gari. Tharaisa anamfuata, anamshika mikono yote miwili, anamtazama usoni muda mrefu. Kisha anamkumbatia, na mume wangu, jabali langu, anaweka kichwa begani kwa mwanamke yule na kukiacha hapo.

Kwangu hakuwa amekiweka kichwa hicho tangu msiba.

Hilo ndilo lililoniuma. Kumbatio ningeweza kulimeza. Kichwa kile, hapana.

Mchana nilifunga kibanda, nikaenda kwenye kile kituo chake cha foili. Mkono wa kulia nimeshautayarisha. Nikamkuta amepiga magoti mchangani, anakaza skrubu. Mwanamke mwembamba, mweusi kwa jua, mikono ya mvuvi, nywele kazifunga kitambaa. Hata mzuri hakuwa. Hasira ikazidi.

Akainua uso. Akanitazama kidogo.

"Umekuja kujifunza?"

Sijui nini kilinipata. Labda nilitaka kumjua adui kabla ya kumpiga.

"Ndiyo," nikasema.

"Jina?"

"Glenda."

"Haya, dada Glenda. Kuogelea unajua?"

"Kama paka."

"Paka wanajua, hawapendi tu. Njoo."

Foili, kwa asiyejua, ni ubao wa kusimamia wenye tanga, unaosukumwa na upepo. Lakini chini yake kuna mguu mrefu wa chuma, na mwisho wa mguu kuna bawa kama la ndege. Ubao ukishika kasi, bawa linaunyanyua mzima mzima, unatoka majini, unapaa na wewe juu yake.

Nilidhani atanitupa baharini nikanywe maji. Wapi! Siku ile ya kwanza sehemu kubwa tulikaa mchangani. Akaniwekea ubao usio na bawa, akanisimamisha juu yake, akanifundisha kusimama.

"Mguu wa mbele ndio bosi," akasema. "Ubao ukipanda, kanyaga mbele taratibu. Ukigoma kupanda, rudisha uzito nyuma kidogo. Kidogo, sijasema ukae kama uko chooni!"

Nikajikuta nacheka. Nikajikasirikia kwa kucheka.

"Na hili la muhimu kuliko yote. Ukianguka, usiachie mpini wa tanga. Watu wote wanaachia. Wanarusha mikono, wanaangukia bawa, wanapasuka. Wewe ng'ang'ania. Tanga litakuweka mbali na chuma. Sema."

"Nisiachie."

"Tena."

"Nisiachie!"

Akanivalisha helmeti yenye redio ndani, akanikaza jaketi la kuokolea mwenyewe, kamba moja moja, akizivuta kuhakikisha. Mikono yake ilikuwa kifuani kwangu na mimi nawaza, mikono hii hii.

Upande huu wa kisiwa upepo unatoka nchi kavu. Unakusukuma nje. Ukishindwa kurudi, utapita kile kisiwa kidogo cha Klein Bonaire, na baada ya hapo hakuna kitu, ni maji tu. Kwa hiyo yeye anakufuata na boti ndogo ya injini, na sauti yake iko ndani ya sikio lako.

Fikiria hiyo. Mwanamke unayemchukia kuliko wote duniani, sauti yake iko ndani ya kichwa chako, na ukimwasi unakufa.

Muda uliobaki, majini, nilikuwa wa kuanguka tu. Nikivuta tanga, linanivuta mimi. Nikisimama, nakaa. Mara moja nikazama, nikachelewa kuibuka; hapo ndipo aliporuka kutoka kwenye boti, akanishika kiuno, akaniambia nipumue.

Siku ya pili nilikuja na maneno ya kumchokonoa.

"Wewe una mume?"

"Nilikuwa naye. Akaenda Uholanzi kununua gari. Nadhani bado anachagua rangi."

"Basi unakula wapi siku hizi?"

Alinielewa vizuri sana. Akashughulika na kamba. Kisha akasema, "Dada, leo utaendesha bila kupaa. Uzito wote mbele. Nataka uuzuie ubao usinyanyuke mpaka nikuambie. Kupaa si kazi. Kazi ni kujizuia."

Na kweli nikaendesha. Kutoka boya moja hadi jingine, sambamba na ufuko. Nikikosea, ananisahihisha neno moja tu. "Macho." Maana yake tazama mbele, sio miguuni. "Mabega." Maana yake nisijikunje. Hakupiga kelele hata mara moja. Nimefundishwa na masista, nimefundishwa na mama yangu mzazi, sijawahi kufundishwa vile.

Jioni nikarudi nyumbani, Rudsel yuko kwenye ngazi za nyuma, ametazama ukuta.

"Mbona umeungua na jua?" akauliza.

"Kutembea," nikamjibu.

Akanitazama. Nikaona kitu kinapita usoni kwake. Nilidhani ni aibu ya mwizi.

Usiku ule alimaliza sahani yake. Nikasema moyoni, ameshakutana na kimada wake leo, ndiyo maana ana hamu ya chakula.

Siku ya tatu niliamua kuwa ndiyo ya mwisho. Nitapanda, nikirudi namchana mbele ya wanafunzi wake wote.

Upepo ulikuwa mzuri, hauna papara. Nikashika kasi. Sauti ikaja sikioni, "Sasa. Rudisha uzito nyuma. Kidogo."

Nikarudisha.

Jamani.

Kelele zikaisha. Yale mapigo yote ya maji chini ya ubao yakakatika ghafla kama mtu amezima redio. Nikatazama, ubao hauko majini. Niko juu, na chini yangu bawa linapita kimya, nawaona samaki wakikimbia.

"Mguu wa mbele," sauti ikasema taratibu. "Vizuri. Kaa hapo. Vizuri sana, dada."

Nililia. Sijui kwa nini. Kwa mara ya kwanza tangu tumzike Rudson kwenye simu, kifua changu kilikuwa na nafasi.

Halafu nikakumbuka anayenisifu ni nani. Nikageuza shingo kumtafuta nimtazame kwa chuki.

Shingo ikienda, mwili unafuata. Upepo ukapiga kwa nguvu, ubao ukapanda juu mno, bawa likachomoza nje ya maji, na kila kitu kikaporomoka.

Nilichokumbuka ni neno moja. Nisiachie. Nikang'ang'ania mpini, tanga likanitupa upande, na bawa likapita nikiusikia upepo wake kwenye paja. Halikunigusa.

Nilipoibuka, ufuko ulikuwa mbali kuliko nilivyodhani. Redio imekufa. Mkondo unanipeleka nje. Na boti imesimama, injini inaunguruma, Tharaisa ananitazama.

Nikawaza, sasa ataniacha. Akiniacha hapa atabaki na Rudsel bila kesi wala talaka. Watasema ajali.

Boti ikageuka. Ikaja. Akaruka na nguo zake.

"Miguu! Nionyeshe miguu. Chezesha vidole. Umegongwa kichwa? Niambie leo ni siku gani."

"Kwa nini unaniokoa?" nikampigia kelele, nikimeza chumvi. "Mimi ni mke wa Rudsel!"

Hakuniachia.

"Najua, Yudelka," akasema. "Najua tangu siku ya kwanza."

Jina langu. Sikuwahi kumwambia.

Akanipandisha botini. Akazima injini, akaacha tuelee, akanifunika taulo.

"Sikiliza," akasema. "Nitakuambia jambo, na ukitaka kunipiga baada ya hapo, nipige. Mumeo si mpenzi wangu. Alfajiri moja nilitoka peke yangu kujaribu foili. Nikamkuta mtu anaogelea kule nje, nyuma ya Klein Bonaire. Hana boya, hana kitu, amevaa sare ya kazi. Nikamwita, hakugeuka. Alikuwa anaogelea kwenda nje, dada. Hakuwa na mpango wa kurudi."

Maji yalikuwa yanagonga boti. Tap, tap.

"Nilimvuta juu ya ubao kwa nguvu. Alinipiga, nikampiga. Mpaka akachoka. Akanilazimisha niape sitamwambia mtu, na mimi nikamlazimisha aape kitu. Kila siku alfajiri, aje nimwone, tuogelee kidogo karibu na ufuko. Nimshike mikono nijue ni yeye, yuko hai. Asipokuja, naenda kwenu kugonga mlango na kusema kila kitu. Hajakosa hata siku moja. Nilimwambia akamwone daktari, hataki. Nilimwambia akuambie, hataki. Anasema unamwita jabali."

Nilijifunika uso na taulo.

"Hiyo siku uliyokuja ukasema unaitwa Glenda, nilijua ni wewe. Ana picha yako kwenye gari. Nikampigia, nikamwambia, mkeo amekuja kunipiga, nimempa helmeti. Akaja mbio. Amekaa kwenye gari lake siku zote hizi, kila somo, anakutazama ukianguka. Jana jioni nikamwambia mimi nimechoka kubeba siri ya ndoa ya watu. Ndipo akanieleza kitu."

"Kitu gani?"

"Alisema, 'Siku ile Yudelka alipozama nikamwona haibuki, moyo ulinipasuka. Sikujua kama bado naogopa kitu.'"

Kumbe ile sahani aliyoimaliza, ni kwa sababu alikuwa ameshinda mchana kutwa akiniogopea.

"Akasema nikuambie," Tharaisa akamalizia. "Yeye mdomo haufunguki. Akaniomba nikuambie ukiwa majini, ambako huwezi kuondoka kwa hasira kabla sijamaliza."

Akawasha injini. Alinivuta hadi ufukweni na tanga langu limelala juu ya maji.

Rudsel alikuwa ameshaingia baharini. Amesimama, maji kiunoni, buti za kazi miguuni, simu yake mfukoni inakufa taratibu. Nikaruka kutoka kwenye boti, nikamfikia.

Nilikuwa na maswali elfu. Lililotoka ni moja.

"Unataka kufa, Rudsel?"

Alikaa kimya. Sikumjazia kimya kile. Nilisubiri.

"Kuna siku," akasema. "Kuna siku ndiyo, dushi wangu. Leo hapana."

Kisha akakiweka kichwa chake begani kwangu. Kilikuwa kizito, jamani. Sijawahi kubeba kitu kizito vile. Tharaisa alivuta tanga mchangani, akatuacha.

Sitawadanganya kwamba mambo yaliisha pale. Wiki ile ile tulikwenda kwa daktari, na bado tunakwenda. Kuna asubuhi haamki kitandani, nami nafungua kibanda nimechelewa. Kuna siku tunagombana kuhusu vidonge. Nolda nilimwambia ukweli, akalia mpaka akapaliwa, na sasa yeye ndiye analeta samaki na kukaa na kaka yake mimi nikiwa kazini, akimpigia umbea mpaka anacheka. Foili naendelea nayo. Rudsel anakataa kupanda, lakini boti anaendesha yeye.

Ndugu yangu unayesoma, kama kuna mtu nyumbani kwako amepungua maneno na kupungua kula, usipoteze muda kujibanza nyuma ya ukuta kumpeleleza. Nenda ukamuulize. Swali likitaja kifo, litaje hivyo hivyo kwa jina lake. Halitamtia wazo ambalo hana. Na ukishauliza, funga mdomo, umsubiri ajibu.