Bakuli la Limau

Mie ni mtu wa barazani kwangu Keko. Hata kwenda kulala kwa mjomba Temeke naona safari. Basi shemeji yangu Idi, karani wa Nairobi, alipokuja likizo akatualika mimi na mke wangu tukae naye siku mbili katika hoteli kubwa ya mjini, nilianza kutafuta elimu mapema. Jirani yangu dobi, aliyewahi kufanya kazi hotelini, akanifundisha: "Ukiona bakuli la maji ya moto lina kipande cha limau, hayo ni ya kunawa."

Nikampa mke wangu somo hilo kana kwamba nimezaliwa hotelini. "Mama Saidi, usinitie aibu mbele ya kaka yako. Nifanyalo, nawe fanya."

"Haya, Bwana Mkubwa," akajibu, anacheka.

Kitanda kilikuwa laini mno, nusura niombe mkeka. Lakini mezani nilijiamini. Mhudumu mzee mwenye kanzu nyeupe akatuwekea mabakuli. Nikachungulia: maji ya moto kiasi, limau linaelea. Rangi yake kama ya chai nikayasingizia mabomba ya mjini. Shemeji alikuwa ameinama, anatandaza kitambaa mapajani. Nikakunja mikono ya shati, nikatumbukiza vidole vyote. Mama Saidi, mtiifu siku hiyo tu, akatumbukiza vyake. Nikasugua mpaka kucha, kisha nikaita kwa sauti ya mwenyeji:

"Mzee, mbona sabuni hakuna?"

Akaitazama mikono yetu, akaniinamia kwa adabu.

"Sabuni ipo, bwana. Nianze kuleta hiyo, au supu nyingine?"