Pumzi ya Dereva

Katika kliniki moja ya Thika tulikuwa wanne: mhudumu wa maabara, dereva wa lori la mawe, mama muuza mboga ambaye ni jirani wa dereva huko Ruiru, na mimi.

Dereva alikuwa akiumwa na tumbo. Mhudumu alimpa kikombe cha dawa anywe, akamngojesha kidogo, kisha akampa mfuko apulize. Dereva aliugeuza, akachungulia ndani.

"Hii ni alkoblo ya polisi."

"Si ya pombe, baba. Ni ya tumbo."

"Tumbo iko hapa," alisema, akibonyeza chini ya kifua kwa vidole viwili. "Mbona unapima mdomo? Umetumwa na tajiri yangu?"

"Si upulize tu!" jirani yake akacheka. "Ama jana ulikunywa?"

Nilimwomba mhudumu majina kamili ya kinachopimwa. Bakteria huitwa Helicobacter pylori. Kimeng'enya chake, urease. Kwa hicho huivunja urea, hujitengenezea amonia ya kujikinga na asidi, hukaa tumboni na kuleta vidonda. Urea yenye kaboni ya alama ilikuwa kikombeni. Ikivunjwa, kaboni hiyo hutoka na pumzi, na mfuko huionyesha.

"Mdudu ajipikie dawa ndani yangu?" dereva akasema. "Hiyo ni hadithi ya kunifuta kazi."

Akaweka mfuko mezani, akanunua vidonge vya kiungulia, akaondoka.

Sikumlaumu. Anayesimamishwa barabarani kila mara apulize huzoea kuiona pumzi yake kama shahidi wa mashtaka. Siku hiyo ingemtetea.

Jumatatu iliyofuata jirani yake aliniambia kwamba kidonda cha tumbo kilitoboka, na dereva amefariki.