Mtungi Wenye Gunzi

Kwa mfereji wa Kanyangi, mtungi husukumwa kwa mguu, na mwenyewe. Kila mtu mitungi miwili, na ukifika mbele bila mwenyewe, unatupwa kando ya ua. Maji hufunguliwa Jumanne na Ijumaa saa mbili asubuhi, wakati wanafunzi washaingia darasani.

Jirani yangu ni msichana wa Gredi ya Tisa. Anaishi na nyanya yake, ambaye magoti yake yamekataa kazi, kwa hivyo siku za maji ni msichana aliyekuwa kwa laini ya mfereji. Siku hizo hizo wenzake walifanya miradi ya kupewa alama. Mwalimu alikuja mpaka nyumbani akamweleza nyanya: akizidi kukosa, alama hazitamfikisha sekondari.

Mimi shule niliachia kidato cha pili. Nakaanga mandazi sokoni, na nangojea siku redio fulani itanipigia simu nikasome habari. Nikamwambia, "Wewe enda shule. Mitungi niachie."

Jumanne iliyofuata nilisukuma minne, miwili yangu na miwili yake. Nilidhani hakuna atakayejua. Lakini mtungi wake mmoja ulikuwa umepoteza kifuniko, ukazibwa na gunzi la mahindi, na soko zima lilijua lile gunzi.

"Wee msichana, uko na miguu ngapi?" Huyo ni mama mmoja muuza mboga, ambaye kanisani hahitaji maikrofoni. Watu wakacheka.

"Mwenyewe ako shule, mama."

"Na huyu wangu?" Akaonyesha binti yake, aliyesimama nyuma na mitungi yao mingine miwili. "Si ni wa umri mmoja? Hapa kila mtu ako na sababu yake."

Binti aliangalia malapa yake. Mitungi ya jirani yangu ikatupwa kando ya ua, na jioni yeye mwenyewe alienda kuteka mtoni akiwa bado na sare ya shule.

Sheria hiyo ya kila mtu na mitungi yake miwili aliileta yule mama mwenyewe, na haikuwa mbaya. Kabla yake wenye hoteli walikuja na mitungi ishirini, sisi tukarudi nyumbani na vumbi.

Ijumaa nikaja na mitungi ya jirani pekee.

"Na yako?" yule mama akauliza.

"Imebaki nyumbani. Leo mimi ndio yule msichana."

"Basi simama vizuri, mwanafunzi," akasema. Hakuitupa.

Maji yangu nikawa nachimba kwenye mchanga wa mto, na yana chumvi. Mwendesha boda mmoja aliuma andazi, akaacha kutafuna.

"Dada, hii ni mandazi ama ni omena wa chumvi?"

Nilimwambia ni ladha mpya. Alikaa siku mbili bila kurudi.

Tulienda hivyo wiki kadhaa. Msichana akatengeneza kichujio cha maji kwa ndoo, mchanga na makaa, kikapata alama nzuri. Nyanya akakiweka mlangoni, mgeni asipite bila kukigonga na goti.

Halafu Jumanne moja nikamkuta yule mama peke yake na mitungi minne. Miwili ilikuwa na magunzi, mapya, bado meupe.

"Vifuniko vilipotea, mama?"

"Viko nyumbani." Alikuwa anaangalia mfereji. "Wangu amerudi shule leo."

"Na ile sheria ya miwili?"

"Nani aliileta?"

Mtu akaanza kunung'unika huko nyuma. Mama akageuka. "Wewe uko na msichana shule? Kama uko naye, weka gunzi. Kama hauna, nyamaza tusonge."

Mara akasikia mbuzi upande wa sokoni, alikoacha sukuma wiki zake bila mtu. Akafunga leso vizuri.

"Simamia hizi," akaniambia, na akakimbia.

Laini ikasonga. Nikaweka mguu kwa mtungi wake wa kwanza, nikasukuma.