Mchezo Ambao Haujaisha

Juzi, kwenye duka la kompyuta hapa Gisenyi, mbele yangu alisimama baba mmoja mwenye mvi na tai ya ofisini. Alitaka kununua mchezo wa kompyuta unaouzwa huku watengenezaji wake bado wanautengeneza. Nilibana kicheko: mtu mzima na michezo!

"Papa, bei imepanda tena," muuzaji akamwambia, "na muchezo yenyewe haijaisha. Si ungoje wamalize kwanza?"

Baba akakuna kidevu. "Kaka mukubwa yangu iko Goma. Tangu muke yake afariki, anajenga nyumba mule ndani ya muchezo. Anasemaka chumba yangu iko tayari."

"Sawa, lakini ungoje tu."

"Bon, nikingoja wamalize, nitakuta nani mule?"

Baba akabonyeza namba ya siri kwenye simu, akalipa.

Hamu ya kucheka ikaniisha. Nyumba ninayoishi, mtaa wa Nengo, bado haina dari, na watu wote niliwaambia nitawakaribisha ikiisha. Huu ni mwaka wa sita. Siku hizi hakuna hata anayeuliza. Jioni ile nilichana nailoni iliyofunika kiti nilichowawekea wageni, nikakikalia mwenyewe.