Mikono Mfukoni

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile niliyokubali kutia mikono mfukoni. Laiti ningekataa.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, shule ya bweni, Kasulu. Nilitoka kijijini kwetu Munanila bila godoro, simjui mtu. Vijana watano wakanipokea. Walijiita Wana Dar, ingawa hakuna hata mmoja aliyewahi kufika Tabora. Nawashukuru mpaka leo: walinigawia godoro, wakanifundisha hesabu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ila walikuwa na sharti. Kiha kiachwe nyumbani, na salamu yetu Waha, ya kuinama na kupigiana makofi, ni ushamba. Mwana Dar husema "mambo", mikono mfukoni. Nikakubali, kwa hofu ya kubaki peke yangu.

Jumamosi moja akaja kaka yangu Zakaria, aliyeacha shule akashika jembe ili mimi nisome. Alikuwa ametembea tangu alfajiri na kikapu cha maharage kichwani. Aliponiona akakitua, akainama, akaanza kunipigia makofi taratibu, kama mama alivyotufundisha.

Wenzangu wakacheka. Mmoja akauliza, "Oya, huyo anashangilia mpira?"

Nilipaswa kuitikia kwa makofi yangu. Mikono nikaiacha palepale.

"Mambo, kaka," nikasema.

Makofi yake yakapungua, yakakoma. Alitazama mifuko yangu, si uso wangu.

"Mambo," akajibu, kama mtu anayeonja chakula cha ugenini. Kisha akasema, "Hayo maharage yachambue, yana mawe." Akaondoka.

Hakunikaripia wala hakuniacha. Alilima mpaka nikamaliza kidato cha nne; kila herufi ninayoandika hapa ni jasho lake, na sina shukrani inayotosha. Siku ya mahafali niliinama mbele ya watu wote, nikampigia makofi. Akacheka kwa upole, akanishika bega.

"Mambo, mdogo wangu."

Mwanangu, ndege wa rangi moja huruka pamoja, nawe tafuta wa kuruka nao, sikukatazi. Lakini kundi likikutaka uache kitu, jiulize kwanza ni nani aliyekupa. Mungu akujalie marafiki watakaokupokea wewe pamoja na aliyekubebea kikapu.

Mimi cheti nilikipata. Na Zakaria tulipendana miaka mingi, hadi nilipomzika. Ila makofi yake hakunipigia tena.